Kabla Useme Muziki na Siasa Havichanganyiki, Msikize Maryam Mursal

Andika neno Garissa kwenye simu yako saa hii uone utaletewa nini. Cha kwanza ni 2 Aprili 2015, chuo kikuu, watu 148. Na ni sawa, wale ndugu zetu hawafai kusahaulika hata siku moja. Lakini teremka chini zaidi. Ukame. Mafuriko ya Tana. Dadaab. Mnada wa mifugo. Teremka tena. Wimbo hakuna. Mwimbaji hakuna. Ni kama sisi wa huku tulizaliwa, tukachunga ngamia, tukalia, basi.

Mimi hiyo picha siikubali. Na leo naipinga kwa kutumia maisha ya mwanamke ambaye hata si wa Garissa. Anaitwa Maryam Mursal. Alianza kuimba akiwa na miaka 16. Serikali ikamfunga mdomo, akashika usukani wa lori ili watoto wale. Vita vikamtoa nchini. Halafu akarudi na albamu iliyosikika mbali kuliko redio yoyote ya wale waliomnyamazisha. Kama wewe ni wa kizazi changu, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kumsikia. Lakini hooyo wako anamjua. Muulize leo jioni, utaona venye uso wake utabadilika.

Mtu wa Mogadishu anatuhusu nini?

Kuna mtu atasema: sisi ni Wakenya, hiyo ni Somalia, wacha kutuletea stori za majirani. Sawa, tuanzie hapo.

Mwaka wa 1962, kabla Mwingereza aondoke, tume ilitumwa kuuliza watu wa huku, eneo lililoitwa Northern Frontier District, wanataka nini. Wasomali wengi sana wakajibu kwamba wanataka kuungana na Somalia. Jibu la wakubwa likawa hapana. Baada ya uhuru vikaja vita ambavyo vitabu vya shule vinaviita vya Shifta, yaani vya majambazi, hadi makubaliano ya Arusha ya mwaka wa 1967. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari hazikuisha. Hizo zilikaa juu ya vichwa vya wazee wetu hadi 1991. Hesabu mwenyewe: wengine walikuwa wamekula uhuru miaka 28, na huku afisa bado anakufanya anavyotaka na hakuna wa kumuuliza.

Katika hiyo miaka yote, kitu ambacho hakuna askari alikiweza ni redio. Radio Mogadishu ilisikika hadi huku, na wakati wa vita serikali ya Nairobi ililalamika sana kuihusu. Baadaye zikaja kaseti. Wewe unaweza kusimamishwa pale daraja la Tana uulizwe kitambulisho, ushushwe kwa basi, ukae juani. Wimbo hauna kitambulisho. Ulipita. Uliingia bulla, ukaingia duka la chai, ukapanda lori la ng'ombe ukaenda nalo hadi Wajir na Mandera. Kwa hiyo ukiniambia muziki wa Mogadishu si historia yetu, mimi nakuuliza: sasa ni nini kilikuwa kinaimba kwenye nyumba zetu?

Muziki ulioanza na lori kuharibika

Hii sehemu naipenda sana. Wimbo wa kisasa wa Kisomali haukuanzia studio wala kwa mfalme. Unaanzia kwa dereva wa lori. Aliitwa Abdi Sinimo, mtu wa Borama, na katikati ya miaka ya 1940 alitunga mashairi mafupi ya mapenzi yaliyoitwa balwo. Inasimuliwa kwamba lori lake liliharibika njiani, na katika kulalamika kwake maneno yakatoka yakiwa wimbo. Kila mtu aliyewahi kukwama Hola Road na gari limezima anaelewa hiyo hasira vizuri.

Wazee wa dini na wazee wa ukoo walikasirika. Ati huu ni upuuzi, vijana wanaharibika. Unaona? Haya maneno tunayoambiwa kwa sababu ya video za dakika moja, mababu zetu waliambiwa kwa sababu ya mistari miwili ya mapenzi. Na mwanamke aliyejitokeza kuimba balwo, Khadija, alibandikwa hilo jina likawa lake la maisha: Khadija Balwo.

Basi huo ndio mlango aliopitia Maryam.

Msichana wa miaka 16

Maryam Mursal alizaliwa mwaka wa 1950. Mwaka wa 1966 akaanza kuimba kwa malipo Mogadishu, wakati msichana kusimama mbele ya bendi kwenye klabu za usiku lilikuwa jambo la kushangaza. Wakati huo mji ulikuwa na bendi za hoteli zenye gitaa, kinanda na saksafoni, na wapigaji hawakuogopa kuchanganya. Walichukua muziki wa filamu za Kihindi, wakachukua soul ya Marekani, wakachukua midundo ya Amerika ya Kusini, wakatia dhaanto ya kwao, ile ambayo ukiisikia leo unaapa ni reggae. Maryam akawa mmoja wa wale walioujenga huo mchanganyiko. Watu wakauita jazi ya Kisomali.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema muziki wa mchanganyiko umeletwa na watoto wa intaneti, mwambie atulie. Mogadishu walikuwa huko kabla mama yako azaliwe.

Baadaye akaingia Waaberi, kundi la taifa lenye wasanii wapatao 300, waimbaji, waigizaji na wachezaji. Waaberi maana yake ni alfajiri. Jina zuri. Lakini hapo ndipo palikuwa na mtego.

Siad Barre alichukua nchi mwaka wa 1969 kwa mapinduzi, na baada ya hapo muziki ukawa mali ya serikali. Hakukuwa na lebo za watu binafsi kama za leo. Ulirekodi Radio Mogadishu au Radio Hargeisa, ukaimba kwenye Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, ukalipwa na dola. Maana yake ni hii: anayekupa maikrofoni ndiye anayeweza kuizima. Kama unaishi kwa pesa za jukwaa moja tu, iwe ni la serikali au la kampuni ya simu, hiyo sentensi isome mara mbili.

Sanaa ya kusema bila kusema

Sasa ukiwa na serikali ya aina hiyo, unakosoaje? Unajificha ndani ya mapenzi. Mshairi anatunga wimbo wa mwanamke mrembo aliyetendewa vibaya, na kila mtu kwenye ukumbi anajua huyo mwanamke ni nchi. Afisa wa usalama pia anajua, lakini atakushtaki vipi? Aandike kwamba umemtukana rais kwa kumsifu msichana?

Wakati mwingine walishtakiwa bila hata kushtakiwa. Hadraawi, mshairi mkubwa kuliko wote wa lugha hii, alifungwa mwaka wa 1973 na akatoka 1978, miaka 5, bila kesi. Aliporudi hakunyamaza. Mwishoni mwa 1979 mshairi Gaarriye alianzisha mnyororo wa mashairi ulioitwa Deelley, ambapo kila anayejibu lazima atumie herufi ile ile ya D katika vina vyake vya mwanzo. Hadraawi akajibu, wengine wakajibu, wakafika makumi. Yalisambaa kwa kaseti, mkono kwa mkono. Ukitaka kuelewa, fikiria hashtegi, ila bila mtandao, na adhabu yake ni jela ya kweli.

Wakenya tunajua hii kitu. Juni 2024, vijana walipojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, wimbo uliopigwa kila kona ulikuwa Anguka Nayo wa Wadagliz. Ni wimbo wa kudensi. Hakuna aliyeutunga ukiwa wa siasa. Lakini umati uliamua unamaanisha nini, na kila askari aliyekuwa pale alielewa. Wasomali wa miaka ya 1980 wangecheka wakatuambia karibuni, mmechelewa.

Ulimada

Mwaka wa 1986 Maryam aliimba Ulimada. Neno lenyewe unalijua, ni lile lile la maulamaa: wasomi, wenye elimu. Wimbo ulimchapa Siad Barre na watu wake, ila kwa mafumbo. Watu wakauelewa haraka. Serikali nayo ikauelewa.

Akapigwa marufuku kwa miaka miwili. Na kumbuka yale niliyosema kuhusu maikrofoni. Redio ni ya serikali, ukumbi ni wa serikali, kundi ni la serikali. Marufuku haikumaanisha apumzike. Ilimaanisha njaa. Mwanamke ana watoto wa kulisha, na kazi pekee aliyoifanya tangu utotoni imefutwa kwa amri.

Akaendesha teksi. Akaendesha lori. Ndani ya Mogadishu ya miaka ya 1980, mwanamke, nyota wa taifa, nyuma ya usukani wa lori, kila mtu anamtambua. Hebu kaa na hiyo picha kidogo. Wale waliomfungia walitaka aonekane ameaibika. Mimi naona kinyume kabisa. Kila mara lile lori lilipopita barabarani, lilikuwa linatangaza kwamba kuna wimbo umepigwa marufuku. Huwezi kupata tangazo bora kuliko hilo.

Na mimi kichwani mwangu siwezi kumtenganisha na Abdi Sinimo. Dereva wa lori alizaa wimbo. Miaka 40 baadaye wimbo ukamrudisha mwimbaji kwenye lori.

Huku kwetu walifunga mkoa mzima

Wakati Mogadishu wanafunga wimbo, huku kilichofungwa kilikuwa kikubwa zaidi. Novemba 1980, hapa Garissa mjini, Bulla Kartasi ilichomwa na watu wakakusanywa uwanjani. Februari 1984, Wajir, wanaume walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013 ilisema wanakaribia elfu moja.

Kati ya 57 na elfu moja kuna watu karibu 950 ambao kwa miaka mingi hawakuhesabiwa na kitabu chochote. Hawakutoka kwenye habari ya saa tatu. Walibaki kwenye vinywa vya wajane wao. Ndiyo maana mimi huwa nakasirika mtu akiniambia wimbo ni burudani tu. Mahali ambapo gazeti haliruhusiwi kuingia, anayekumbuka kwa sauti ndiye mwandishi wa habari. Mogadishu walikuwa na Maryam. Sisi tulikuwa na mama zetu, na hakuna aliyewawekea kinasa sauti.

Mwingine: mwanamke wa Land Cruiser

Siwezi kumtaja Maryam bila Saado Ali Warsame. Huyu naye alizaliwa mwaka wa 1950, naye alikuwa nyota wa enzi ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliimba wimbo unaojulikana kwa jina Land Cruiser. Hoja yake ni rahisi hata mtoto anaielewa: nyinyi wakubwa mnanunua magari ya kifahari, huku nchi inaomba wafadhili nafaka ya kula. Hapa hakuna fumbo la msichana mrembo. Alitaja gari kwa jina.

Sasa toka nje, simama kando ya barabara kuu siku kiongozi anakuja na misaada ya ukame. Hesabu magari kwenye msafara. Angalia ni aina gani. Halafu angalia ni gunia ngapi za mahindi zimeletwa. Wallahi ule wimbo haujazeeka hata siku moja.

Saado aliishi Marekani miaka mingi, halafu mwaka wa 2012 akarudi Mogadishu akawa mbunge. Alikuwa na zaidi ya miaka 60, angeweza kukaa salama huko na wajukuu. Tarehe 23 Julai 2014 alipigwa risasi ndani ya gari lake, na Al-Shabaab wakasema ni wao. Alikuwa mbunge wa nne kuuawa mwaka huo. Dikteta alimwacha hai. Waliokuja baada ya dikteta hawakumwacha.

Qax

Turudi kwa Maryam. Siad Barre alianguka Januari 1991, na badala ya alfajiri ikaja giza. Maryam aliondoka Mogadishu na watoto wake watano. Safari ilichukua karibu miezi 7, kwa miguu, kwa punda, kwa lori za watu, akiivuka Pembe ya Afrika hadi Djibouti. Kutoka hapo Denmark ikampokea kama mkimbizi.

Mwaka huo huo watu wengine walikuwa wanageuka upande wetu. Walivuka Liboi. Kambi ya Ifo ikafunguliwa 1991, kisha Dagahaley na Hagadera mwaka wa 1992. Zote tatu zilijengwa kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Kwa hiyo ukimuona Maryam kwenye jalada la albamu yake, usione mtu wa mbali. Muone yule mama anayeuza maziwa ya ngamia hapo sokoni, ambaye hujawahi kumuuliza alifikaje hapa. Kwa Kisomali kuna neno moja la hali hiyo ya kuhama kwa kukimbizwa: qax.

Na Qax ndilo jina la wimbo mmoja kwenye albamu yake. Huko Denmark mtayarishaji wa muziki, Søren Kjær Jensen, alimsikia akiimba, na njia ikafunguka hadi Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Kwanza ikatoka New Dawn, akiwa na wenzake wa Waaberi, nyimbo za Kisomali zenye kinanda cha oud na ngoma, bila mapambo mengi. Halafu mwaka wa 1998 ikatoka The Journey. Hiyo ndiyo ya mchanganyiko kamili: gitaa za umeme, tarumbeta, midundo ya kompyuta, Peter Gabriel mwenyewe akiitikia nyuma, na katikati ile sauti nzito ya mwanamke aliyevuka jangwa na watoto watano.

Wimbo mwingine ndani yake jina lake linawaambia Wasomali wakatae aibu. Ona hapo. Mtu aliyefungiwa na serikali na kufukuzwa na wababe wa vita angekuwa na haki ya kuimba kuhusu maumivu yake peke yake. Yeye aliwageukia watu wake akawaambia ukweli usoni. Si kwamba alikuwa anatukana. Anayekupenda ndiye anayekuambia umejiaibisha.

Lakini wimbo uliangusha serikali gani?

Hili ni swali la haki, na nimeulizwa mara nyingi. Ulimada haikumtoa Siad Barre. Bunduki zilimtoa. Land Cruiser haikurudisha gari hata moja kwenye duka. Basi yote yalikuwa ya nini?

Mimi najibu hivi. Bunduki zilimtoa Siad Barre, halafu zikashindwa kabisa kujenga chochote kwa miaka mingi. Nyimbo hazikuahidi kumtoa mtu. Zilifanya kazi nyingine: zilihakikisha kwamba watu wanajua kwamba wengine pia wanajua. Udikteta unaishi kwa kumfanya kila mtu adhani ni yeye peke yake anayeona. Ukumbi mzima ukicheka kwenye mstari mmoja, hiyo siri imeisha.

Na wenye bunduki wenyewe wanalijua hili kuliko sisi. Ndiyo maana Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki. Stesheni zikatii, na nyingine zikajaza nafasi ya nyimbo na milio ya risasi, mawimbi ya bahari na jogoo. Kama muziki ni upuuzi usio na nguvu, mtu aliye na mizinga anauogopea nini?

Vilevile kuna wale waliookoa. Mwaka wa 1988, ndege za Siad Barre zilipokuwa zinapiga Hargeisa, watu wa redio walitoa kanda na kaseti wakazificha, nyingine zikazikwa ardhini. Leo maelfu ya zile kaseti yamehifadhiwa kwenye kituo cha utamaduni hapo Hargeisa, na mwaka wa 2017 baadhi ya nyimbo zikatolewa kwenye mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates uliofika hadi kuteuliwa kwa tuzo ya Grammy. Watu walikuwa wanakimbia mabomu, na kati ya vitu vyote vya kuokoa wakaokoa kaseti. Walijua walichokuwa wanafanya.

Na Garissa je?

Tusidanganyane. Huku kwetu msichana akiweka video anaimba, kufikia Magharibi simu ya mjomba imeshaingia. Namjua mmoja ambaye sauti yake inaweza kusimamisha mji. Alifuta kila kitu kwa wiki moja, si kwa sababu ya serikali, kwa sababu ya kundi la WhatsApp la familia.

Mimi si sheikh na sitatoa fatwa hapa. Kuna watu wanaokataa muziki kwa imani ya kweli, na nawaheshimu, wengine ni wazazi wangu. Lakini wengi wanaopiga kelele si dini inayowasumbua. Ukitaka kujua, nenda harusi yoyote. Utawakuta mama zetu wameshika ngoma, wanapiga makofi, wanarusha buraanbur moja baada ya nyingine. Buraanbur ni ushairi wa wanawake tangu zamani, na ndani yake kuna kila kitu: sifa, vijembe, historia ya ukoo, onyo kwa bwana harusi. Hakuna anayewanyamazisha. Kwa hiyo shida si sauti ya mwanamke. Shida ni sauti ya mwanamke ikisikika nje ya ua.

Na kuna walioitoa nje ya ua. Wanaitwa Gargar, jina linalomaanisha msaada. Ni kundi la akina mama Wasomali wa Kenya, wa hapa hapa Garissa. Walirekodi na Ketebul Music, lebo ya Nairobi ya Tabu Osusa, zile sauti na ngoma za kwetu zikachanganywa na vyombo vya studio. Albamu yao inaitwa Garissa Express. Narudia, kuna albamu inaitwa Garissa Express, ya mama zetu, kwa lugha ya nyumbani, na wewe umeishi hapa maisha yako yote hujawahi kuambiwa. Shuleni tulifundishwa Beethoven alikuwa kiziwi. Hakuna aliyetuambia kuna wanamuziki mtaa wa pili.

Huu ndio uchungu wangu. Maryam alinyamazishwa kwa amri ya rais. Saado alinyamazishwa kwa risasi. Sisi hatuhitaji rais wala risasi, tunajinyamazisha bure, halafu tunalalamika kwamba Nairobi haitujui. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia sahihi tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada uliokuwa unatusumbua tukiomba vitambulisho. Alhamdulillahi, na tuendelee kuangalia kama maafisa watatii. Lakini kadi inasema tu kwamba upo. Haisemi wewe ni nani. Hiyo sehemu ya pili hakuna afisa wa serikali atakuja kutujazia.

Kwa hiyo nawapa kazi, na ni ya wiki hii, si ya mwaka ujao. Ayeeyo wako bado yuko hai? Nenda na simu. Muombe ruhusa kwanza, usimvizie. Mwambie akuimbie buraanbur moja aliyoisikia akiwa msichana, na akuambie ilitungwa na nani, harusi ya nani, mwaka wa ukame gani. Ukimaliza muulize kuhusu 1980, au 1984, kama atataka kusema. Akikataa, mheshimu. Akikubali, usimkatize. Weka nakala mbili, moja kwenye simu, moja kwa mtu unayemwamini. Si lazima uiweke mtandaoni. Kaseti za Hargeisa zilikaa chini ya udongo miaka mingi kabla ya dunia kuzisikia.

Na kama wewe ndiye yule msichana aliyefuta video zake, mimi siwezi kukuambia uzirudishe, kwa sababu si mimi nitakayepigiwa simu na mjomba. Nakuambia tu usiache kuimba hapo nyumbani. Maryam alikaa miaka miwili bila jukwaa na bado aliporudi sauti ilikuwepo.

Anza na The Journey leo usiku, halafu tafuta Garissa Express. Ukimaliza, mpigie hooyo umuulize ni wimbo gani wa Maryam alikuwa anaujua kwa moyo. Nataka kusikia majibu yenu.